Banda la kuku ambalo kicheche hapenyi: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kuku 11. Ndo hesabu niliyopiga alfajiri moja ya mwezi wa nne, nimesimama mlangoni mwa banda langu la kwanza hapa Kibaha na ndoo ya pumba mkononi. Wamelala chini wote, shingo zimetobolewa, na hajaliwa hata mmoja ukiacha kichwa cha jogoo. Harufu iliyokuwa humo ndani sitaielezea. Wavu mzima, bati zima, kufuli imefungwa vilevile nilivyoiacha jana yake, nikaanza kuwaza mambo ya kishirikina kabisa mpaka nilipoinama nikaona chini ya mlango pana uwazi wa kupitisha ngumi, na kwenye ubao wa chini zimenasa nywele fupi, nyeusi na nyeupe. Kicheche.

Na uwazi ule walichimba kuku wenyewe. Kila asubuhi walikuwa wanarundikana pale mlangoni kusubiri pumba, wanaparura udongo, alafu mvua za masika zikaja kumalizia kazi. Yaani mimi nilijenga banda la kuzuia kuku wasitoke, nikasahau kujenga la kuzuia wengine wasiingie, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Haya ninayoandika hapa ni jinsi nilivyojenga la pili, ambalo kuku wanalala mpaka leo, la futi 8 kwa futi 6, linatosha kuku 20 wa kienyeji wanaotoka nje mchana. Ukitaka la kuku 40 zidisha eneo mara mbili, hamna uchawi.

JUA KWANZA NANI ANAKUJA KWAKO

Usinunue hata msumari kabla hujajua. Zunguka kwa majirani wanaofuga uwaulize nini kinawamaliza, na kama ulishapoteza kuku angalia alichoacha. Wamekufa wengi kwa mpigo na hawajaliwa, huyo ni kicheche au mbwa. Mayai yamepotea bila hata kipande cha ganda, huyo ni kenge au nyoka, maana wanameza zima zima. Mayai yamepasuliwa, mshuku nguchiro, yule anakuja mchana kweupe, na kuna aina yao wanaligeuzia jiwe mgongo, wanalirusha yai kwa kupitisha kati ya miguu ya nyuma mpaka lipasuke, niliwahi kuwaangalia nikasahau hata kuwafukuza. Kifaranga kimoja kimoja mchana ni mwewe, au kunguru, hasa ukiwa Dar na maeneo yake, hawa wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wale taka. Kuku kang'olewa kichwa au mguu na mwili umebaki ndani, jua kuna mnyama, paka shume au kanu (yule wa porini anayefanana na paka, mwenye madoa na mkia mrefu), alimvuta kupitia matundu ya wavu kuku akiwa amelala kaegemea pale. Na ukikuta kuku wote hawapo, hakuna unyoya, hakuna damu, basi huyo ana miguu miwili na anajua bei ya kuku sokoni.

Hawa wote wanaingia kwa njia tatu tu: wanachimba chini, wanapenya kwenye tundu, au wanafungua mlango. Nyegere peke yake ndo ana njia ya nne, anabomoa. Kama mko naye huko, ongeza tofali, mbao peke yake zitakuliza.

MAHALI

Sehemu iliyoinuka kidogo ili maji yasituame, karibu na dirisha la chumba unacholala ili usikie kuku wakipiga kelele usiku. Usijenge chini ya mwembe eti kwa ajili ya kivuli, matawi ni ngazi ya kanu, na nyoka nao wanashukia humo humo. Fyeka majani mita 2 au 3 kuzunguka banda lote, na ule mrundo wa matofali yaliyobaki na kuni na magunia uhamishe mbali, hapo ndo panya anakozaa na nyoka anamfuata panya. Upande mrefu wa banda ulaze mashariki kwenda magharibi, jua lisiwapige kuku ndani asubuhi na jioni, joto la Pwani mnalijua.

MSINGI, HAPA USIBANE HELA

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, weka hapa. Chimba mtaro futi 1 kwenda chini kuzunguka mstari wote, mwaga zege jembamba, panga kozi tatu za tofali za inchi 5, moja ifukiwe na mbili zibaki juu ya ardhi. Mzunguko wa futi 28 unakula kama tofali 60 hivi. Udongo wa kujengea saruji 1 kwa mchanga 6. Ndani shindilia kifusi, mwaga sakafu inchi 2 na nusu, saruji 1 mchanga 3 kokoto 6, ielekeze kidogo mlangoni ili ukiosha maji yatoke. Mifuko 3 ya saruji inakutosha kwa kila kitu. Mwagia maji siku saba, usimsikilize fundi anayetaka kusimamisha mbao kesho yake ili awahi kazi nyingine.

Kwenye kozi ya mwisho, wakati udongo bado mbichi, laza vipande vya waya mzito kila baada ya futi 3, ncha mbili zitokeze juu. Hizo ndo zitakumbatia mbao ya chini. Watu wanasahau hii alafu fremu inakaa juu ya tofali kama kofia, mbwa akiisukuma inasogea.

Huna hela ya tofali na sakafu? Kuna njia ya kimaskini na inafanya kazi vizuri tu, mama mmoja jirani yangu anaitumia mwaka wa tatu huu. Chukua waya meshi upana wa futi 2, upande mmoja ufunge kwenye mbao ya chini ya banda, ule mwingine ulaze chini kuelekea nje kama sketi, ufukie kwa udongo inchi 2 au 3 na uweke mawe juu. Mnyama anayechimba anaanzia usawa wa ukuta, hana akili ya kurudi nyuma futi 2 ndo achimbe. Anakuta waya, anahangaika weee, anaondoka. Ila sketi hiyo kwa udongo wetu wenye chumvi inaliwa na kutu, kila mwaka ifukue kidogo uangalie. Na usiiishie mlangoni! Mlangoni ndo iwe pana kuliko kote.

FREMU

Mbao za 2 kwa 3 zilizotibiwa dawa, au mirunda kama ndo unayoipata. Mirunda ipake oili chafu mara mbili kabla ya kusimamisha, ikauke vizuri siku kadhaa, la sivyo mchwa wataila ukiwa unaangalia. Mbele futi 7, nyuma futi 6, hiyo tofauti ya futi 1 ndo mteremko wa maji. Mtu mzima asimame ndani bila kuinama, nasema hivi kwa sababu banda unaloingia kwa kutambaa hutalisafisha, na usiposafisha hutaona tundu jipya.

Ukuta wa nyuma na upande mmoja ule unaopigwa na mvua niliziba kwa mbao mpaka juu, nikaacha kama futi 1 ya waya chini ya paa hewa ipite. Mbele na upande wa pili ni waya kuanzia pale tofali zinapoishia. Kuku wanahitaji hewa kuliko tunavyodhani, banda lililofungwa kama stoo linanuka mkojo na wanaanza kukohoa.

WAYA, NA HAPA NDO WATU WANAPIGWA

Ule wavu wa kuku wa matundu ya pembe sita unazuia kuku. Basi. Mbwa anauchana kwa meno, kanu anapitisha mkono, nyoka anapita kama kwake. Unachotaka ni waya meshi ya vimraba vilivyochomelewa, matundu ya nusu inchi. Tundu la inchi 1 linapitisha panya na nyoka wengi tu. Alafu uliza geji, maana mwenye duka hatakwambia: namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba, kwa hiyo geji 16 ni nene kuliko geji 19, na kwenye bati hivyo hivyo, geji 28 ni imara kuliko 30. Mi mara ya kwanza nilifurahi kupewa namba kubwa nikajua nimependelewa.

Kwa banda hili mita 10 za upana wa futi 3 zinatosha na kubaki kidogo. Kama hela haitoshi weka meshi ya nusu inchi kuanzia chini mpaka futi 3, juu weka ya inchi 1, nyoka na kanu bado watakusumbua lakini kicheche, nguchiro na mbwa umewamaliza.

Kufunga sasa. Fundi wangu wa kwanza alipiga misumari ya inchi 2 nusu, akaikunja juu ya wavu, akalipwa akaenda. Ukisukuma ule wavu kwa mguu inafunguka yote kama kishikizo cha shati. Fanya hivi: waya uwe upande wa nje wa mbao, sio wa ndani, ili mnyama akisukuma aukandamize kwenye mbao badala ya kuung'oa. Piga misumari ya U kila inchi 4. Alafu juu yake laza ubao mwembamba wa inchi 1 kwa 2 kufuata pembeni yote, uukaze kwa skrubu kila futi 1, waya unabaki umebanwa katikati kama nyama kwenye sambusa. Pale vipande viwili vinapokutana vipandane inchi 3 na uvishone kwa waya wa kufungia, tundu kwa tundu, kazi ya jioni nzima na vidole vitakuuma, lakini kenge anatafuta hapo hapo. Ncha za waya zilizochomoza zikate au uzikunje zitazame nje, kuku wasichanike.

PAA

Bati zitokeze nje futi 1 kila upande. Hapo hamna shida, shida ni migongo ya bati. Bati likilala juu ya mbao kila mgongo unaacha kitundu kama nusu mwezi, chukulia vitundu ishirini au thelathini mbele na vingine nyuma, na panya anahitaji kimoja. Kata vipande vya meshi upana wa inchi 4, vikunje katikati, upande mmoja upigilie kwenye mbao na mwingine uusukume ndani ya mgongo. Au ziba kwa udongo wa saruji kila mgongo, mi nilifanya hivyo nyuma. Usizibe kwa matambara wala maboksi, unamtengenezea panya godoro.

MLANGO

Mlango ndo ulioniua mimi kwa hiyo nivumilie. Kwanza weka kizingiti, tofali moja ya kulaza iliyopigwa plasta, kuku waparure wanavyotaka hawachimbi saruji. Mlango ufunguke kuelekea nje na ukijifunga ugonge kwenye ubao wa fremu pande zote nne, sio kuning'inia tu katikati ya uwazi. Kipimo changu ni kidole kidogo: mahali popote kidole kidogo kinapoingia, paziba. Futi 1 ya chini uvalishe kipande cha bati, ubao mtupu unatafunwa.

Bawaba tatu, sio mbili, kwa sababu mlango ukianza kuinama kona ya chini inaacha uwazi. Na komeo mbili, juu moja na chini moja. Mlango wenye komeo moja katikati ukiuvuta kona ya chini unapinda, jaribu kwako sasa hivi uone. Ile ndoano ya kuning'iniza usiitegemee, nyegere anaifungua. Ya juu tia kufuli kwa ajili ya yule wa miguu miwili, na skrubu za bawaba zisionekane kwa nje mlango ukiwa umefungwa, la sivyo mwizi anakuja na bisibisi tu.

Ukitaka kidirisha cha kuku kutokea asubuhi, futi 1 kwa futi 1 kinatosha, kiwe cha ubao unaopanda na kushuka kwenye reli mbili za mbao, na ukishuka uingie kwenye mfereji chini usiweze kuinuliwa kwa pua.

NDANI

Fito za kulalia mbili za futi 7, unene wa inchi 2, kingo zimelainishwa, urefu wa futi 2 na nusu kutoka chini. Kila kuku anahitaji kama sentimita 20. Cha muhimu ziwe mbali na waya angalau futi 1, mnakumbuka yule kuku aliyevutwa kichwa. Viota vinne au vitano, sentimita 30 kila upande, viweke kwenye ule ukuta uliozibwa, gizani, na okota mayai kila siku kabla ya jioni kwa sababu yai linalolala ndo mwaliko wa kenge. Chini mwaga maranda au pumba za mpunga inchi 3.

Chakula usikiache ndani usiku. Mfuko wa pumba weka kwenye pipa lenye mfuniko. Panya wakizoea, nyoka yuko njiani.

SIAFU

Hawa waya hauwazuii hata kidogo, na kuku aliyeatamia hakimbii, analiwa pale pale juu ya mayai mpaka anakufa. Kipindi cha mvua ndo wanahama. Banda lako likiwa la kuinuliwa kwenye miguu kazi ni rahisi, kila mguu usimamishe ndani ya kopo lenye oili chafu, na hakikisha hamna jani wala kamba inayogusa banda kutoka nje, maana hilo ndo daraja lao. La chini kama langu, mwaga majivu makavu mkanda wa upana wa kiganja kuzunguka lote, mvua ikinyesha rudia. Na ukisikia usiku kuku wanapiga kelele za ajabu, wanarukaruka, tochi ikakuonyesha sakafu inatembea, usianze kupigana nao. Fungua mlango kuku watoke, chukua wanaoatamia na vifaranga uwahamishe. Siafu watapita, asubuhi wameondoka na wadudu wote waliokuwa kwenye banda, hapo wamekusaidia.

MCHANA JE

Vifaranga wiki 6 za kwanza usiwaachie nje peupe, mwewe hana huruma. Tenga kubwa likifunikwa na jiwe juu linatosha mama yao akiwa pembeni. Kama una nafasi zungushia uwanja mbele ya banda na juu yake tandaza nyavu kuukuu za uvuvi, mi nilizipata Bagamoyo kwa bei ya kuchekesha kwa sababu wavuvi wanazitupa. Zivute zikaze, zikilegea ndege wananasa na mwewe anatua juu yake.

Na jamani, sumu. Kuna watu wanatia dawa ya wadudu kwenye nyama au mayai wanategea kicheche. Usifanye. Atakula mbwa wa jirani, au kuku wako mwenyewe atadonoa, au mtoto.

(Kuku wakitulia humo usidhani umemaliza, ugonjwa wa mdondo unaua banda zima bila kuhitaji tundu lolote, chanjo ya matone kila miezi mitatu usiiruke.)

JARIBIO LA TAA

Kabla ya kuingiza hata kuku mmoja, subiri usiku. Mwambie mtu aingie ndani na taa kali, mlango ufungwe, wewe uzunguke nje gizani polepole, umechuchumaa, alafu umesimama, alafu ukitazama juu. Kwenye waya mwanga utatoka sawasawa kila kimraba. Unachotafuta ni mwanga unaotoka pasipotakiwa: kwenye kona, chini ya paa, pembeni ya bawaba. Mimi na banda nililoliona limekamilika kabisa tulipata matundu 14, moja chini ya ubao wa pembeni lingeingiza paka. Weka alama kwa chaki, kesho ziba, usiku rudia. Asubuhi yake sukuma kila upande kwa mguu, kwa nguvu, kama una ugomvi nalo. Kikicheza kitu, kaza. Kila mwanzo wa masika na vuli rudia taa, mbao zinanyauka na udongo unahama.

Kuku wakishaingia wafungie humo siku tano au saba bila kutoka, ndo wanajua hapa nyumbani. Baada ya hapo watarudi wenyewe magharibi ikiingia na wewe kazi yako ni kuhesabu na kufunga, kila siku, hata siku ya harusi ya shemeji. Atakuwepo mmoja mbishi atakayepanda mwembe. Wangu alikuwa tetea mwekundu, nilimshusha kwa ngazi saa tatu usiku, nikamweka kwenye fito katikati ya wenzake, kesho yake akapanda tena, nikamshusha tena. Ikachukua siku sita. Siku ya saba nilitoka na ngazi nikamulika mtini nikakosa mtu, nikaenda bandani kuhesabu, 20, na yeye kakaa wa kwanza kabisa kwenye fito ananitazama.